Zabibu ya Bruda, Amana ya Bi Salma

Vijana wangu wa Keza, popote mnaposomea haya, kwanza nyosheni mikono yenu muitazame. Safi, sivyo? Kucha zinang'aa. Sasa kumbukeni ya kwangu mliyoiona juzi baada ya misa, mkaanza kunong'onezana. Ile zambarau iliyoingia kwenye mistari ya viganja si ugonjwa, na wala sikupaka hina. Ni kazi yangu imerudi mkononi, na kila nikinawa nikaona haitoki, moyo unafurahi.

Siku ile mlinikuta na njaa, mkaniuliza habari za kikundi chenu kulima zabibu, nikawajibu kwa mkato. Leo nimeshiba, kwa hiyo nawaandikia. Msitarajie nianze mwanzo nimalizie mwisho. Mzee hapangiwi njia.

Mnanijua kwa jina la Mama Spesi. Nilitunza mzabibu wa misheni hapa Keza, wilayani Ngara, tangu nikiwa msichana hadi magoti yaliponiambia basi. Mzabibu wenyewe ulitoka Ureno, upande wa kaskazini wenye mvua nyingi na vilima, na kwao unaitwa Vinhão. Sisi tuliita Vinyao, na ukaitikia. Hata huko kwao, nje ya vilima vile, wengi hawaujui. Zabibu nyingi nyeusi ukiziminya ndani ni nyeupe, rangi yote iko kwenye ganda. Vinyao ni nyekundu mpaka moyoni. Ukiitafuna, ulimi unakuwa kama umekunywa wino.

Mnaiona imesimama nyuma ya nyumba yangu, mnadhani imekuwapo siku zote. Haikuwa hivyo. Kuna wakati hapakuwa na mche hata mmoja wa Vinyao Keza nzima, na nilijua nitazikwa bila kuuona tena. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe kabla hamjagusa mkasi.

Aliyeileta ni Bruda Anselmo, mtawa Mreno mfupi mwenye nyusi nene. Alikuja na vijiti vimefungwa kwenye taulo lenye maji, akavilinda kuliko pasi yake ya kusafiria. Alitaka divai ya misa itoke kwenye udongo huu huu. Mimi nilikuwa naosha vyombo jikoni kwa masista. Akapita akanikuta nafunga maharage yanayotambaa kwenye miti, akasimama akatazama fundo langu. Akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia mama. Kesho yake nikahamishwa kutoka kwenye masufuria.

Mama yangu alitoka Burundi akiwa amenibeba mgongoni, na kwenye fundo la kitenge alikuwa na mbegu za maharage. Hakuwa na kitu kingine cha maana. Tulipofika akaanza kuzigawa kwa majirani, sisi tukiwa hatujashiba. Baba alikasirika. Mama akamjibu kwa Kirundi chake kwamba mbegu uliyompa jirani ndiyo akiba yako, kwa sababu panya wakimaliza ya kwako, unajua pa kwenda kubisha hodi. Niliyasikia maneno hayo utotoni mpaka nikayachoka. Shikeni hapo, tutarudi.

Bruda hakuupanda mzabibu chini kama wanavyofanya kwenye picha mnazoziona kwenye simu. Aliupandisha juu, kwenye miti ya msambya na kwenye chanja ndefu za nguzo, mpaka ukitaka kuchuma unapanda ngazi. Watu wa Keza walicheka. Bonifasi, aliyekuwa mwenzangu kazini, alimwambia wazi:

"Bruda, hizi unapandia nyani?"

"Kwetu ndivyo tunavyopanda," Bruda akasema. "Chini yake napanda maharage, juu yake upepo unapita. Jani likikauka mapema baada ya mvua, ukungu hauna pa kulala."

Hilo ni somo la kwanza, na ni la bure. Huku kwetu adui si jua, adui ni unyevu. Inueni mzabibu wenu juu, mpunguze majani yanayokumbatia vishada, upepo ufanye kazi msiyoilipia.

Somo la pili ni kuupogoa, na hapo ndipo wengi wenu mtalia. Ureno kuna baridi inayoulaza mzabibu. Unapukutisha majani, unalala, ukiamka unajua sasa ni wakati wa kuzaa. Keza hakuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu wa huku usipolazwa, haulali, unazaa ovyo. Kwa hiyo mkulima ndiye anayeulaza. Mnaacha kuunywesha, mnatoa majani, kisha mwezi wa pili, mvua ikiwa imepumzika kidogo, mnakata. Mnakata hasa, sio kupunguza ncha. Tawi lenye urefu wa mtu linabaki na macho mawili au matatu tu ya kuchipulia. Mkifanya hivyo, zabibu zinaiva mwezi wa saba, kiangazi kimeshika, hakuna tone la mvua la kuziozesha.

Bonifasi alikata kama anayenyoa mtoto aliyelala. Bruda alimsimamia nyuma.

"Kata, Bonifasi."

"Bruda, unatoa machozi." Kweli mzabibu ukikatwa unadondosha maji.

"Ukiuonea huruma leo, Julai utakula majani."

Mimi nilikata bila huruma, na ndiyo maana nilikabidhiwa mkasi. Bonifasi akapewa mrututu.

Mrututu mnaujua, yale mawe ya buluu. Siku hizi mnanunua dawa ya ukungu kwenye pakiti, mnachanganya, mnapulizia kwa bomba la mgongoni, mmemaliza. Sisi tuliloweka mrututu kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si ya bati maana unaitoboa, na chokaa kwenye ndoo nyingine, kisha tukaviunganisha taratibu huku tukikoroga kwa mti. Ukitaka kujua kama chokaa imetosha, unachovya msumari safi. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza majani. Ukitoka ulivyoingia, pulizia. Bonifasi alipulizia na shati lake pia. Alirudi nyumbani wa buluu kuanzia kola hadi kiunoni, na mkewe alikataa kuamini kwamba kuna kazi halali inayomgeuza mtu rangi. Alikuja misheni kuhakikisha kwa macho yake. Tulimpa ndoo akoroge kidogo, akatuamini.

Sasa niwaeleze kosa letu. Nasema letu, kwa sababu tulilifanya wote kwa pamoja na kwa furaha.

Vinyao ina tabia moja mbaya: inawahi kuwa nyeusi. Zabibu nyingine zikiiva ndipo zinakamilisha rangi. Hii inajipaka weusi wote wakati ndani bado ni chungu ya kukunja uso. Mavuno ya kwanza tuliyachuma kwa rangi. Ile divai, Padri alipoinywa altareni, alifumba jicho moja, na waumini waliokaa mbele walidhani ameguswa na Roho.

Mwaka uliofuata Bruda aliugua, akapelekwa Mwanza kutibiwa. Kabla hajaondoka alituambia tusiguse kitu mpaka arudi. Siku zikapita, zabibu zikawa nyeusi tii, ndege wakaanza kuja. Tukakaa chini ya chanja, Bonifasi, mimi na wenzetu wawili watatu, tukajadili.

"Ndege zitamaliza zote," akasema Bonifasi. "Na Bruda harudi leo wala kesho."

"Lakini ni chungu," nikasema. "Nimeonja."

"Ndizi ikikatwa si inakuwa mbichi? Tunaifanyaje?"

Kila mtu alijua jibu. Hapa kwetu ndizi za urwagwa, pombe yetu ya ndizi, huziachi ziive mgombani. Unachimba shimo, unawasha moto ndani mpaka udongo upate joto, unatandika majani ya mgomba, unapanga ndizi, unafunika kwa majani na udongo. Baada ya siku chache unafungua, zote njano, tamu, zinanukia mpaka barabarani. Sisi ni mabingwa wa shimo. Hakuna mtu wa Ngara atakayefundishwa na Mreno namna ya kuivisha tunda la kutengenezea kinywaji. Basi tukachimba. Tukawasha moto, tukatandika, tukazika zabibu zote za misheni, tukafunika vizuri kabisa. Bonifasi hata alileta majani ya mgomba wa kwao, akisema ndiyo bora.

Bruda alirudi tukiwa bado tunasubiri. Tukampeleka kwa fahari. Bonifasi akafunua.

Vijana, harufu ile. Vijidudu vidogo vidogo vilitoka kama moshi. Zabibu zilikuwa zimevimba, zimepasuka, nyingine zimeota manyoya meupe. Bruda alishuka shimoni na suruali yake safi, akachukua kishada, akakitazama muda mrefu. Tulidhani atatufukuza kazi. Akakaa pale pale kwenye majani, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ndizi inakua hata ikiwa mbali na mama yake," akasema alipopata pumzi. "Zabibu ikitoka kwa mama yake, haikui tena. Ilivyo siku hiyo, ndivyo itakavyokuwa."

Kisha akatufundisha kutafuna mbegu. Msitazame ganda, tafuneni mbegu. Ikiwa ya kijani na inashika meno, ondokeni shambani. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga iliyokaangwa, leteni vikapu. Waswahili wamesema mvumilivu hula mbivu, lakini hawakusema mbivu ataitambuaje. Dativa, afisa ugani wetu, ana kile kichuma cha kuchungulia kinachopima sukari kwenye tone moja la maji ya zabibu. Ni kitu kizuri, mkinunue mkiweza. Tulishindanisha msimu uliopita, yeye na kichuma chake, mimi na meno yangu niliyobakiwa nayo. Tulitoka sare, tukachuma siku ileile.

Zile za shimoni hazikutupwa. Bruda aliokoa zilizookolewa, akazikamua, akatia kwenye pipa akafunika kwa kitambaa tu, hewa ipite. Ikawa siki. Siki nyekundu, kali, yenye harufu nzuri. Masista walitia kwenye kachumbari mpaka wakachoka. Nyingine nikapewa niipeleke sokoni Biharamulo, siku gari la misheni lilipokwenda huko hospitalini kufuata dawa.

Hapo ndipo nilipokutana na Bi Salma. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, watu ambao babu zao walitoka pwani, na yeye mwenyewe alikuwa anatengeneza achari za ndimu na embe ambazo hata Wakristo wa Ngara walizifuata. Alichukua chupa yangu, akanusa, akanitazama.

"Hii ni pombe au siki, mwanangu?"

"Ni siki, Bi. Ilitakiwa iwe divai, ikakataa."

"Basi imeongoka yenyewe," akasema, akanunua zote.

Tangu siku hiyo kila mwaka tulimtengenezea Bi Salma pipa dogo la siki, kwa makusudi sasa. Mara moja akaniuliza mti wake ukoje, mbona embe na ndimu anazijua, huu hajauona. Mwezi wa pili nilipopogoa nikamfungia pingili chache kwenye gunia lenye unyevu. Bonifasi alinionya kwamba mali ya misheni haigawiwi. Nikamwendea Bruda nikamweleza maneno ya mama yangu kuhusu mbegu na jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniongezea pingili mbili nene, nzuri kuliko nilizochagua mimi.

Bi Salma alizipokea kwa mikono yote miwili.

"Siipokei kama zawadi," akasema. "Naipokea kama amana. Siku ukiitaka, uje."

Nilicheka njia nzima ya kurudi. Nani atatoka Keza mpaka Biharamulo kudai kijiti?

Miaka ikaenda. Divai yetu ikawa nzuri, na niseme ukweli, sio mimi tu niliyesema hivyo. Bruda aliinywa kwenye bakuli jeupe la kauri, kama kwao. Unamimina, unalizungusha, unatazama rangi inavyopaka ukingo na kuchelewa kushuka. Bakuli likibaki na alama, divai imekubali. Sista wa kufulia hakukubali hata siku moja. Alisema Yesu alikunywa divai lakini hakufua vitambaa vya altare. Kila Jumatatu alinitafuta na kitambaa mkononi, nami nilijificha juu ya ngazi. Bruda alipozeeka akarudi kwao, akafia huko, na bakuli akaniachia mimi.

Nilipostaafu, mkasi niliukabidhi kwa wengine. Bonifasi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Waliobaki walikuwa na mambo mengi, divai ya misa ikawa inatoka Dodoma kwenye maboksi, na simlaumu mtu, kazi ya mzabibu haimsubiri mwenye shughuli nyingine. Mwaka mmoja haukupogolewa, wa pili haukupogolewa. Mchwa wakala nguzo, chanja zikalala chini, mzabibu ukalala juu ya majani yenye maji. Ikaja mvua ndefu ile. Nilipopita pale, nikakuta shina jeusi, nikakwaruza kwa ukucha kutafuta kijani, nikaenda shina la pili, la tatu, nikazunguka shamba zima nikikwaruza. Hakuna. Nilikaa chini pale kwenye magugu, nikaona uchungu ambao sikuuona hata nilipokuwa nazaa.

Mikono yangu ikawa safi. Watu walinisifu, eti Mama Spesi amepumzika mpaka ngozi imerudi. Sikuipenda hiyo ngozi.

Aliyenitikisa ni Dativa. Alikuja mgeni kwenye kata, akasikia habari za zabibu ya zamani, akanifuata nyumbani. Nikampikia chai nikamsimulia yote mpaka shimo. Alicheka vizuri, kisha akauliza swali la kawaida kabisa.

"Mama, hukuwahi kumpa mtu?"

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikiweka chini.

Mwezi wa pili ulipofika nikapanda bodaboda mpaka barabara kuu, nikapanda basi, nikashuka Biharamulo na gunia tupu na mkasi wangu. Boma la Wajerumani lipo palepale, lakini mtaa wa Bi Salma sikuutambua. Nyumba yao haikuwapo. Paliposimama duka la vitambaa kuna jengo la vioo, wanauza simu. Nikazunguka nyuma, ulipokuwa uwanja wake wa kuanikia ndimu. Saruji, ukuta hadi ukuta. Nikaegemea ukuta na gunia langu tupu. Kijana wa dukani akaniletea kiti na maji, Mungu ambariki, akauliza bibi unamtafuta nani. Nikamtajia jina.

"Bi Salma? Yuko hai. Anakaa shamba kwa mwanawe, Nyamigogo."

Bodaboda nyingine. Dereva aliniambia nishike vizuri, nikamwambia aendeshe, mimi nilishapanda ngazi kabla baba yake hajazaliwa. Tulifika kwenye nyumba ya bati jipya, mbuzi uwanjani, wajukuu wanaosha vyombo. Bi Salma alikuwa ameketi kwenye mkeka, amezeeka sana, macho yamekwisha.

"Hodi hapa."

"Karibu. Ni nani?"

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Sauti naijua, jina limenikimbia. Hebu nipe mkono."

Nikampa. Akaupapasa, akafika hapa chini ya kidole gumba, palipo na sugu ambayo mkasi uliniachia na ambayo kustaafu hakukuiondoa. Akaibonyeza.

"Huyu ni mama wa siki," akasema. "Mama wa Ngara. Umekuja kuchukua amana yako?"

Nililia, wanangu. Nililia mbele ya wajukuu wa watu, na wao wakaacha vyombo wakaja kutazama bibi kizee mgeni anayelia bila msiba. Bi Salma hakuniuliza sababu. Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba.

Ilikuwa chanja kubwa juu ya mahali pa kuoshea vyombo, imefunikwa kabisa. Hakuna aliyewahi kuupogoa mzabibu ule. Ulikuwa na maua, na zabibu kijani, na zabibu nyeusi, vyote kwa wakati mmoja, kama familia isiyopanga uzazi. Nikachuma moja nyeusi nikaiuma, nikatemea kiganjani. Nyekundu mpaka moyoni. Nikatafuna mbegu pia, kwa mazoea. Bado.

"Mwanangu alipotaka kuvunja nyumba ya mjini," Bi Salma akanisimulia, "nilimwambia, nyumba ni ya baba yako, vunja. Mti huu si wetu, mwenyewe yupo. Akadhani nimechanganyikiwa. Nikakaa barazani, nikasema sitoki mpaka mkate vijiti mvitie kwenye ndoo. Wakakata. Nikatoka."

"Na mmekuwa mkiufanyia nini muda wote huu?"

"Zikiwa kali tunatia kwenye achari, na kwenye mchuzi wa samaki badala ya ukwaju. Zikiiva watoto wanakula, wanachafua sare za shule, mama yao ananilaumu mimi."

Zabibu ya misa, divai ya Wareno, ilikuwa imehifadhiwa na nyumba ambayo haijaonja divai hata tone. Nilitamani Bruda awepo, angeshika mbavu.

Nikaanza kukata. Mkamwana wake aliona matawi yanavyoanguka, akamkimbilia mama mkwe.

"Mama, mgeni anaumaliza mti!"

"Mwache," Bi Salma akasema. "Ni wake. Na wewe nenda ukamtazame anavyokata, ujue."

Nilimfundisha mkamwana, na ana mkono mzuri, hana huruma.

Bruda alitufundisha kuchomeka pingili moja kwa moja ardhini, na nyingi zilikufa. Dativa alinifungia zangu kwenye gazeti lenye unyevu, juu yake nailoni, kisha akazitia kwenye viriba vyenye udongo na mchanga, kivulini, mpaka ziote mizizi. Zangu za safari hii zilishika kuliko nilivyotarajia. Jambo moja la Bruda Dativa alilikubali, mpaka leo anawafundisha wengine: mwisho wa chini kata sawasawa, wa juu kata mshazari, usije ukaipanda imesimama kwa kichwa. Mkasi nao anausafisha kwa spiriti kila anapotoka shina moja kwenda jingine. Sisi tuliupangusa kwa aproni, na sijui magonjwa mangapi tuliyasafirisha.

Misimu ikapita, na Julai iliyopita mbegu zikavunjika kama karanga, tukachuma. Yalikuwa madogo, mavuno ya mti mchanga, lakini nilikamua kwa mikono yangu hii. Nikatoa bakuli la Bruda kabatini. Likapakika, likabaki na alama. Mikono nayo ikapakika. Jumapili nilipompa Padri mkono wa amani, alitazama kiganja chake akacheka.

Sehemu ya maji ya zabibu nikaifanya siki, nikasubiri mpaka ikakaa vizuri, nikampelekea Bi Salma chupa kubwa. Alinusa, akaonja kwa ncha ya kidole, akasema Alhamdulillahi, ndiyo yenyewe. Nikamsimulia kwamba mzabibu umeshika, uko nyuma ya nyumba yangu, mzuri, wote umejaa pale, naulinda mwenyewe usiku na mchana. Niliyasema kwa majivuno. Nilidhani atafurahi.

Akapapasa mkono wangu tena.

"Ya kwako imerudi," akasema. "Sasa wewe umempa nani?"

Nilirudi Keza, na sikucheka njiani kama mara ile. Akiba haiozi, lakini yangu yote nilikuwa nimeirundika nyuma ya nyumba moja ya mama mzee mwenye magoti mabovu.

Basi haya ndiyo majibu yangu kwa maswali yenu ya juzi. Mashine mtanunua, dawa Dativa atawaelekeza, soko mtalitafuta, mna simu. Mwezi wa pili napogoa, na pingili zitakuwa nyingi. Njooni asubuhi, kila mmoja na mkasi wake na gunia lenye unyevu. Nitawapa za kupanda shambani kwa kikundi chenu, na juu yake kila mmoja atapata nyingine za kumpelekea mtu mwingine, wa kata nyingine, Nyamigogo, Rulenge, popote, na awe mtu wa kutunza kitu hata kama hana haja nacho. Kabla sijakata nitamuuliza kila mmoja jina la mtu huyo. Atakayekuja bila jina, nitampa chai tu.